Ngozi Iliyofurahi Mno

Siku tuliyomzika baba, Mzee Luka, mkuu wa kikundi cha kulima, aliitoa ngoma ya baba uani, akazilegeza kamba moja baada ya nyingine mpaka uso wa ngoma ukanywea. Kisha akairudisha ndani, nyuma ya pazia la chumba cha mama, akasema, "Ipumzike. Mvua zikianza tutakuja."

Hiyo ndiyo desturi ya kikundi chetu cha kulima hapa Samuye. Baba, Bujiku, ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wake. Watu hupanga mstari shambani, majembe yakapanda na kushuka kwa kufuata ngoma, na wenye mbwembwe hulirusha jembe hewani wakalidaka bila kupoteza mapigo. Mpiga ngoma akifariki, kikundi huja kulima shamba lake mvua za kwanza zinapoanguka. Asubuhi hiyo mtu wa nyumba yake huikaza ngoma upya. Ikisema, inabaki katika nyumba ile. Isiposema, inakwenda kwa mwanaukoo anayeweza kuisemesha.

Mtu wa nyumba yetu nilikuwa mimi, Nyamizi, mtoto wa pekee, kidato cha nne. Mwanaukoo aliyekuwa akiisubiri ni Onesmo, mtoto wa baba mdogo, ambaye husaga mawe ya dhahabu kwenye karasha huko Buseresere na jioni hupiga ngoma na wachimbaji wenzake. Onesmo si mtu mbaya. Anaijua ngoma, na angeitunza. Lakini mimi nilijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua. Kila asubuhi tangu msiba, mama aliingia nyuma ya pazia lile akakaa na ngoma. Sikuwahi kumchungulia. Nilimsikia tu akinong'ona, kisha kimya kirefu, kisha anatoka akiwa na uso wa mtu anayeweza kwenda kisimani na kusalimia watu. Ngoma ikienda Buseresere, sikujua asubuhi zake zingeanzia wapi.

Baba mwenyewe aliwahi kufanya kazi ya karasha miaka ya ujana wake. Ile mashine ilimchukulia sikio la kushoto, na vumbi lake, nadhani, ndilo lililomchukua yeye mwishoni, maana alikufa kwa kifua. Kwa sababu ya sikio lile alikuwa na namna yake ya kukaza ngoma. Aliwasha moto wa mabua ya mtama, akaigeuza ngoma uso kuelekea motoni, akaitoa, akaweka shavu kwenye ukingo wa mbao, akagonga kwa kidole. Alikuwa akisikia kwa mfupa wa taya.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, na yeye hakuwahi kunifukuza.

"Baba, moto unaifanyia nini ngozi?"

"Unaikasirisha."

"Kwani ngozi ina hasira?"

"Ngozi ikiwa na hasira kidogo, inasema. Ikikasirika sana, inapasuka. Ikifurahi mno, inanyamaza. Kama wewe tu ukishashiba."

Siku nyingine nilimuuliza kwa nini katikati ya mapigo anaacha nafasi, kama vile amesahau. Alicheka mpaka akakohoa. "Lile ninaloliacha ndilo wanalolisubiri," alisema. "Ukilipiga, wanasikia. Ukiliacha, wanalifanya wao. Tazama majembe siku moja, utaona yanapanda wapi." Mazungumzo hayo yalikuwa ya Kisukuma, na sasa ninapoyaandika kwa Kiswahili naona kuna kitu kinabaki nyuma kila mara, kama maji yanayobaki mtungini hata ukiuinamisha. Lakini naandika hivyo hivyo, maana nisipoandika yatakwenda yote.

Shuleni fizikia tulifundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu Safiya, ambaye kwao ni Tabora, alisoma kitabu kama kilivyo, kisha akiona macho yetu yamekufa alifunga mlango na kuanza upya kwa Kiswahili. Siku aliyofundisha sauti, alichora uzi uliovutwa pande mbili. Akasema uzi ukivutwa zaidi unatikisika haraka zaidi, na sauti inapanda. Kule kuvutwa alikutaja kwa Kiingereza, akatazama mlangoni, akasema, "Yaani mkazo."

Niliinua mkono. "Mwalimu, nyumbani huo unaitwa hasira."

Darasa zima liliangua kicheko. Mmoja nyuma akasema, "Andika kwenye mtihani, Nyamizi, upate ziro yenye hasira!"

Mwalimu Safiya hakucheka. Aliniuliza nani anauita hivyo, na kwa nini. Nikamweleza kuhusu moto na shavu la baba. Aliweka chaki mezani, akasema, "Kwenye mtihani andika neno la kitabu. Kichwani weka yote mawili. Moja likikuangusha, jingine litakushika." Tangu siku ile niliacha kuona aibu kwamba nina lugha tatu na hakuna hata moja iliyonitosha. Niliona kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa na milango mitatu, na kwamba kazi ya mwanafunzi si kuchagua mlango bali kuingia.

Baba alipofariki nilikaa nyumbani mpaka matanga yakaisha, nikarudi shule. Sikulia mbele za watu. Nilisoma.

Mvua za kwanza zilinyesha mapema mwaka huo, mwezi wa kumi. Mzee Luka akatuma ujumbe kwamba kikundi kitakuja Jumamosi. Ijumaa mchana nilitoka shule, nikamkuta mama amekwenda kutafuta mahindi ya kuwapikia watu makande, nikaona ni wakati mzuri wa kuijaribu ngoma peke yangu. Niliitoa nyuma ya pazia. Nilizivuta kamba kama nilivyomwona baba akizivuta, nikiweka goti kwenye mzinga wake wa mbao, nikazifunga. Niliwasha mabua. Nikaigeuza, nikaitoa, nikaweka shavu, nikagonga.

Hakuna kitu. Sauti kama ya kupiga godoro.

Nikaongeza kamba, nikaongeza moto. Sasa ilitoka harufu, na harufu hiyo niliijua kabla akili haijaitaja. Ilikuwa harufu ya kikaangio. Nilipitisha kidole kwenye ngozi, kidole kikateleza. Nilikilamba. Samli.

Nilikaa chini pale pale uani. Nilielewa yote mara moja: minong'ono, ule ukimya mrefu, kibuyu cha samli ambacho siku hizi kiliisha haraka kuliko kawaida. Ngozi ilikuwa imepakwa kila asubuhi tangu msiba, imekunywa mafuta mpaka ndani, na ngozi ya namna hiyo haisikii moto. Ilikuwa imefurahi mno.

Mama akaingia na kapu lake la mahindi. Aliiona ngoma, akaona kidole changu kinang'aa, akasimama.

"Mama," nilisema, "ulikuwa unaipaka?"

Alitua kapu taratibu. "Ningeiachaje ikauke, mayu, mwanangu? Kiangazi baba yako mikono ilikuwa inampasuka kwa vigongo vya ngoma. Nilikuwa nampaka. Jioni nampaka, asubuhi nampaka." Alitazama mikono yake. "Sasa ningempaka nani?"

Nilimsogezea ngoma. "Haikaziki," nilisema.

"Haikaziki?"

"Mafuta yameilegeza. Kesho itanyamaza, na Onesmo ataondoka nayo."

Mama aliinama, akaigonga yeye mwenyewe, mara moja, akasikia lile godoro. Uso wake ukawa kama wa siku ile ya mazishi, na hapo niliona nisipofanya kitu haraka nitakuwa nimempokonya baba mara ya pili.

"Mama, kibuyu cha samli kikichacha unakisafisha na nini?"

"Kibuyu? Kwa majivu. Majivu na maji ya moto, unatikisa." Alinitazama kama vile nimeanza kuchanganyikiwa. "Kwani kuna mwanamke asiyejua?"

"Kwa nini majivu?"

"Kwa sababu yanatoa mafuta. Maswali yako, Nyamizi, hata leo?"

Leo hasa, nilimjibu. Kwa sababu kidato cha tatu tulifundishwa kwamba mafuta yakikutana na magadi yaliyomo kwenye majivu yanageuka sabuni, na sabuni inaondoka na maji. Mama alikuwa amefanya kemia hiyo kwenye kibuyu tangu kabla sijazaliwa, na mimi nilikuwa nimeiandika kwenye mtihani nikapata alama nzuri, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuileta karibu na ngoma. Lakini nilijua pia kitu kingine, ambacho kilinitia hofu. Wanaotengeneza ngozi huiloweka kwenye maji ya majivu ili manyoya yang'oke. Majivu yakikaa sana, yanaila ngozi yenyewe. Kibuyu hakiumii. Ngozi inaumia.

"Inaweza kuchanika," nilimwambia mama. "Kesho mbele ya watu wote."

"Na tukiiacha?"

"Itanyamaza."

Alifikiri kidogo tu. "Basi chekecha majivu," alisema, akajifunga kanga kiunoni.

Tulilegeza kamba. Nilichekecha majivu ya jikoni kwa chujio la chai, nikayakoroga na maji ya uvuguvugu yakawa uji mzito, na tukaupaka uso wa ngoma kwa viganja. Ulibadilika rangi ukawa wa njano. Nilikuwa nimepanga tuuache kwa muda wa kupika chai. Mama alisema ni mrefu, tuuache kwa muda wa kuinywa. Nilikubali. Tukakwangua kwa kijiko, tukafuta kwa kitambaa chenye maji safi, tukapaka tena. Mara ya pili uji haukuwa wa njano sana. Mara ya tatu nilikataa, ingawa mama alitaka. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kuwasha, na nilijua kinachofanyika kwenye ngozi yangu kinafanyika kwenye ile.

Tuliiegemeza ukutani upepo uikaushe, juu yake tukanyunyiza majivu makavu yanyonye kilichobaki. Hapo ndipo Onesmo alipofika kwa bodaboda, amebeba spika kubwa ya kuchaji.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, baba. Za safari?"

"Salama. Vumbi tu." Akaiona ngoma. "He! Mmeipaka poda? Inakwenda harusini?"

"Inaoga," nilimwambia.

"Ngoma inaoga! Dada Nyamizi, shule itakuua." Aliikaribia, akainusa, akanitazama tena, safari hii bila mzaha. Nadhani alielewa, maana yeye pia ni mpiga ngoma. Alimtazama mama, kisha akageukia spika yake. "Mimi nimekuja na hii. Baba mkubwa yumo humu, nilimrekodi siku ya harusi ya Ndaki. Kesho ikishindikana, hatutalima kimya kimya."

Jumamosi alfajiri kulikuwa na mawingu. Ardhi ilikuwa na unyevu, na hewa yenye unyevu ni adui wa ngozi. Nilizivuta kamba kabla mama hajaamka, lakini nilipogeuka nilimkuta amesimama mlangoni. Kikundi kilianza kuingia uani na majembe mabegani, wakisalimiana "mwangaluka, mwangaluka", wengine wakitania kwamba wamekuja kula makande tu. Mzee Luka alikaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani anakaza?"

"Mimi."

"Wewe?" alisema mtu mmoja nyuma. "Mtoto wa sekondari atakaza ngoma au atatusomea?"

"Akisoma ikasema, itakuwa imesema," Mzee Luka alimjibu. "Washa moto, mjukuu."

Niliwasha mabua. Niliigeuza ngoma, nikahesabu pumzi zangu, nikaitoa. Niliweka shavu kwenye ukingo na kugonga kwa kidole. Kulikuwa na kitu, mbali, kama mtu anayeitikia akiwa chumba cha ndani. Niliirudisha motoni. Nilisikia Onesmo akibonyeza spika, ikatoa mlio wake wa kuwaka, na mtu akamwambia aizime.

Nilipoweka shavu mara ya pili, taya langu lilitetemeka. Si kwa hofu. Lilitetemeshwa. Hapo nikajua kile baba alichokuwa akikijua kwa miaka yote, na nilijua jina lake kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na yote matatu yalikuwa kitu kimoja kinachopita kwenye mfupa. Ningeweza kuirudisha motoni tena ipande zaidi. Nilipitisha kidole ukingoni, nikahisi pale kamba zinapoingia ngozi imekuwa nyembamba. Nikaacha. Ilikuwa na hasira ya kutosha.

Nilichukua vigongo, nikapiga.

Ilisema.

Watu waliitikia kwa pamoja, mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Nilitazama mlangoni. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Imesema," alisema Onesmo, "lakini si sauti yake." Hakusema kwa ubaya. Alibonyeza spika, na baba akatoka mle ndani: ngoma nzito, ya chini, iliyojaa. Watu waliteremsha majembe mabegani. Alipoizima, nilipiga tena ya kwangu, na kila mtu alisikia tofauti. Ya kwangu ilikuwa kavu, ya juu kidogo, yenye ukali pembeni.

"Unaona?" Onesmo aliuliza.

"Naona," nilisema. Nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyokuwa tulivu. "Haiwezi kuwa ile ile. Ngozi imeoshwa, usiku kulikuwa na unyevu, na mkono ni wangu. Ukibadilisha ngozi, hewa na mkono, halafu sauti ikabaki vile vile, hapo ndipo ungetakiwa kuogopa. Hiyo iliyomo kwenye spika ni ya siku ya harusi ya Ndaki. Haitabadilika tena kamwe. Hii itabadilika hata leo mchana jua likitoka."

"Haya, mwalimu," alisema yule wa nyuma, na watu wakacheka.

Mzee Luka aliinuka kwenye kigoda. "Desturi inauliza jambo moja. Imesema au haijasema?"

Wote walimtazama Onesmo. Alijikuna shingo, akatabasamu upande mmoja. "Imesema, mzee. Nasema kwa dhati. Mimi ningeipasua kwa moto kabla sijaijua." Akaweka spika yake ndani ya nyumba, akachukua jembe. "Ila shavu lako, dada. Umejipaka poda na wewe."

Nilijigusa. Nusu ya uso wangu ilikuwa majivu. Sikujifuta.

Tulikwenda shambani. Walipanga mstari, mama katikati yao, Onesmo pembeni ambako warusha majembe hukaa. Nilianza polepole, kwa sababu nilikuwa najua mapigo kwa masikio na si kwa mikono. Mara mbili nilikosea, na mara zote mbili mstari ulisubiri, mtu akasema "Endelea, Nyamizi, tupo." Jua lilitoka, ngozi ikakauka zaidi, sauti ikapanda kama nilivyowaambia. Mwili ulipozoea, niliikumbuka nafasi ile. Nilipiga, nikapiga, nikapiga, kisha nikaliacha pigo.

Majembe yote yakapanda.

Hayakusubiri. Yalipanda ndani ya kile kimya, na jembe la Onesmo likaruka likazunguka hewani, na mama alikuwa ameinua lake juu ya kichwa kama wengine. Katika kile kimya hakukuwa na sauti yangu wala ya spika. Kilikuwa kile kile alichokuwa akikiacha baba siku zote. Hicho hakikuhitaji kukazwa. Nikakipiga tena na tena mpaka shamba likaisha, na jasho lilikuwa limenifuta majivu yote.

Onesmo aliondoka kesho yake kurudi Buseresere. Alimwachia mama ile rekodi kwenye simu. Mimi nilirudi shule Jumatatu, nikamweleza Mwalimu Safiya kuhusu majivu, naye akanifanya nisimame mbele ya darasa nieleze, na safari hii aliyecheka alicheka kwa sababu nilipofika kwenye kikaangio nilicheka mwenyewe.

Lakini kabla ya hapo, Jumapili asubuhi, nilimsikia mama akiingia nyuma ya pazia. Safari hii aliniita. Ngoma ilikuwa mbele yake, kamba zimelegezwa kidogo kama baba alivyokuwa akizilegeza baada ya kazi. Mikono yake ilikuwa mitupu juu ya magoti.

"Sasa niipake nini?" aliuliza.

"Usiipake kitu, mama."

"Basi nifanye nini?"

Nilikaa karibu naye. Niliuchukua uso wake kwa upole, nikauinamisha mpaka shavu likagusa ukingo wa mbao, nikagonga ngozi kwa kidole.

Alifumba macho. "Gonga tena," alisema.